Gemu linakwamakwama: pima kwanza, ununue baadaye

Dogo mmoja aliingia kwangu na kompyuta ya ofisi ya mtumba ndani ya begi la shule, zile nyembamba zinazolala chini ya skrini. "Shikamoo fundi. Nataka kadi ya picha kubwa kuliko hii, GTA inakwamakwama. Hela ninayo."

Marahaba, kaa hapo, hebu tuiwashe kwanza.

Ndani kulikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-6500, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8 kipande kimoja, diski ya zamani inayozunguka, ile tunayoiita hadi diski, na kadi ya GTX 1050 Ti. Tukafungua GTA V, akapanda gari akatoka nalo mbio kuelekea katikati ya mji. Mitaa mitatu tu, picha ikaganda. Ikaachia. Ikaganda tena. Nikamwonyesha namba zilizokuwa zikipita pembeni ya skrini: kadi yake, hiyohiyo aliyotaka kuitupa, ilikuwa inatumika asilimia 50 na kitu. Nusu ya muda imekaa inasubiri kupewa kazi. RAM imejaa pomoni, na taa ya diski mbele ya mashine inawaka bila kupepesa.

Angefunga kadi kubwa zaidi, nayo ingekaa kusubiri vilevile, tena kwa bei kubwa zaidi.

Wengi wanaokuja kwangu wanakuja wameshaamua kadi. Sasa nitaeleza ninavyopima, ili ujue mwenyewe mashine yako inalilia nini kabla hela haijatoka mfukoni.

Polepole ni kitu kimoja, kukwamakwama ni kingine

Gemu likiwa zito muda wote, ukigeuka linaburuta, ukikimbia linaburuta, hata ukisimama mahali patupu bado linaburuta, hilo liko polepole. Kukwamakwama ni pale linapokwenda vizuri, halafu ghafla linashtuka, halafu linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Dawa zake mara nyingi ni tofauti kabisa.

Fremu ni picha moja moja zinazopita kwenye skrini, na ile namba ya fremu kwa sekunde (FPS) ambayo kila mtu anaiangalia inaficha ugonjwa. Chukua sekunde moja tu. Tuseme fremu 55 zimetoka kila moja kwa milisekunde 14, jumla 770. Kisha fremu moja ikachukua milisekunde 230 peke yake. Jumla sekunde moja, fremu 56. Namba pembeni itakuambia 56, safi kabisa, wakati macho yako yameona picha imeganda karibu robo sekunde. Ndiyo maana mtu anasema "fundi, FPS ziko juu lakini gemu halichezeki", na anasema kweli.

Kwa hiyo unachotakiwa kuangalia ni muda wa kila fremu. Gemu la fremu 60 lina milisekunde 16.7 kwa kila fremu, la fremu 30 lina 33.3, na mwenye skrini ya hezi 144 anataka zishuke mpaka karibu 7. Ukichora muda huo kama mstari, gemu zuri linatoa mstari ulionyooka. Linalokwama linatoa miiba.

Vifaa vya kupimia, vyote bure

MSI Afterburner inafanya kazi kwenye kadi yoyote, hata isiyotengenezwa na MSI. Inakuja na mwenzake RivaTuner, ambaye ndiye anayechora namba juu ya gemu. Washa hivi: mstari wa muda wa fremu, matumizi ya kadi, kumbukumbu ya kadi, joto la kadi na la prosesa, matumizi ya kila kiini cha prosesa (kila mfanyakazi aliye ndani yake) kwa namba yake, mwendo wa prosesa kwa megahezi, na RAM iliyotumika. Kwa magemu ya mtandaoni ambayo ulinzi wake hautaki programu nyingine zichore juu yake, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, utapata vipimo vya Windows yenyewe. Si vingi, lakini vinatosha kuanzia.

Tahadhari moja kuhusu Task Manager. Ukifungua upande wa prosesa inakupa asilimia ya jumla. Kwenye prosesa ya viini vinne, kiini kimoja kikizidiwa kabisa na vingine vikilala, jumla itasoma 25. Utasema prosesa imepumzika, kumbe gemu zima limening'inia kwenye kile kimoja. Bofya kulia juu ya grafu, badilisha ionyeshe kila kiini peke yake.

Halafu chagua njia moja ndani ya gemu na uipite hiyohiyo kila mara. Mimi kwenye magemu ya mji mkubwa natumia gari na barabara ileile, kuanzia pembeni ya mji mpaka katikati, kisha naendelea kucheza angalau dakika ishirini. Ukipima leo mlimani na kesho sokoni, hujapima kitu.

Kabla ya hela, haya

Waya wa skrini umechomekwa wapi? Usicheke. Kila baada ya muda napokea mashine yenye kadi nzuri imefungwa ndani, na waya wa skrini umechomekwa juu, kwenye ubao mama (ubao mkuu wa mashine), kwa hiyo kinachochora picha ni ile grafiki ndogo ya prosesa. Waya uende kwenye tundu la kadi, lile lililolala chini yake.

Laptopu ichomekwe chaja wakati wa kucheza, tena chaja yake halisi. Kwa betri pekee, au kwa chaja yenye wati pungufu, nyingi zinapunguza nguvu zenyewe.

Funga kivinjari chenye vichupo arobaini. Angalia kama Windows haishushi masasisho au antivirusi haikagui diski muda huohuo. Na kama uliongeza RAM ya kasi ya 3200 kwenye ubao wa kisasa, ingia kwenye BIOS (programu ya ubao yenyewe, inayowaka kabla ya Windows) uwashe XMP, yaani mpangilio wa kasi kamili ya RAM, ambao baadhi ya mbao za AMD zinauita DOCP, maana bila hivyo RAM inaweza kubaki kwenye kasi ya kiwandani, 2133 au 2400.

Haya yakishindikana, twende kwenye dalili.

Linakwama ukienda kasi au ukiingia eneo jipya

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na ina washukiwa wawili wanaotembea pamoja: RAM na diski.

Gemu la dunia kubwa haliwekwi lote kwenye kumbukumbu. Unapoendesha, linachota mtaa ulio mbele na kuutupa ulio nyuma. RAM ikiwa GB 8, Windows na vijiprogramu vyake vimeshachukua GB tatu au zaidi kabla hujafungua chochote. Gemu likitaka sita, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski ili kupata nafasi. Kama diski ni ya kuzunguka, kichwa chake kinahitaji milisekunde kumi hivi kufika mahali pa kusoma, kila mara, na kinatakiwa kusoma mahali mamia. Sasa linganisha hizo na ile bajeti ya 16.7 kwa fremu nzima. Hesabu haikubali.

Kujua ni RAM au ni diski: rudia njia yako huku ukiangalia vyote viwili. RAM imegota juu na diski iko asilimia 100, tatizo linaanzia kwenye RAM, diski inabeba lawama tu. RAM ina nafasi ya GB tatu nne, lakini diski inagonga 100 kila gemu linapokwama, basi ni diski yenyewe. Kama una SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya Windows lakini gemu umeliweka kwenye hadi diski kwa sababu ya nafasi, lihamishie kwenye SSD kwa muda, Steam inaruhusu kuhamisha bila kupakua upya. Miiba ikipotea, umeshapata jibu bila kununua kitu.

Watengenezaji wenyewe wameshaachana na hadi diski. Starfield ilipotoka mwaka 2023 iliweka SSD kwenye mahitaji ya chini kabisa, na Cyberpunk 2077 ikafanya hivyo mwaka huohuo. Ukicheza haya kwenye diski ya kuzunguka unalaumu mashine kwa kosa ambalo liliandikwa kwenye boksi.

SSD ya aina gani? Ya SATA, ya waya wa kawaida wa diski, inasoma karibu MB 550 kwa sekunde, NVMe, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, inasoma maelfu, na watu wanauziwa NVMe kwa ahadi kubwa. Kwa kukwamakwama, hatua kubwa ni kutoka kwenye diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ya kweli. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa magemu mengi, macho yako hayatajua. Ila usiijaze mpaka mwisho, maana SSD rahisi ikibaki na nafasi kidogo inaanza kujikokota.

Nirudi kwenye RAM, kwa sababu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kipande kimoja cha GB 16 si sawa na viwili vya GB 8. Prosesa za kawaida zina njia mbili za kuongea na RAM. Ukiweka kipande kimoja umefungua njia moja na ya pili umeifunga. Kwa DDR4 (kizazi cha nne cha RAM) ya 2133, njia moja inapitisha takribani GB 17 kwa sekunde, mbili GB 34. Mwenye kadi ya picha ya peke yake ataona miiba imepungua. Mwenye kutumia grafiki ya ndani ya prosesa, kama Ryzen 5 5600G, ataona zaidi, kwa kuwa grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakula sahani moja na prosesa. Kwa mtu wa namna hiyo, kipande cha pili cha RAM ndicho kadi yake mpya.

Ukishaweka vipande viwili, hakikisha vimekaa kwenye sloti sahihi. Kwenye mbao nyingi za sloti nne ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, lakini mashine za ofisi zina mpangilio wake, kwa hiyo fuata rangi za sloti au maandishi ya kwenye ubao. Kisha fungua CPU-Z, sehemu ya kumbukumbu, ikuthibitishie kwamba chaneli ni mbili.

Na usilipie kasi usiyoweza kuitumia. Ile i5-6500 ya dogo inaendesha DDR4 kwa 2133. Ukiiwekea RAM ya 3200 itashuka hapohapo kwenye 2133. Nunua inayofanana na iliyopo. Pia thibitisha kwanza kama ni DDR3 au DDR4, kwa sababu baadhi ya mashine za kizazi cha 6 zilitoka na DDR3L, na pengo la katikati ya kipande haliko sehemu moja. Ukilazimisha unavunja sloti.

Linakwama penye watu wengi, na kadi haifiki asilimia 90

Hapa ni prosesa. Alama yake: kiini kimoja au vyote viko 95 kwenda juu, kadi imeshuka 60 au 50, na miiba inatokea sokoni, kwenye foleni ya magari, kwenye vita vya wachezaji wengi. Ukienda porini linatulia.

Kipimo cha uhakika hakihitaji programu. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1080p mpaka 720p, halafu pita njia yako ileile. Kupunguza pikseli kunaipunguzia kadi kazi, prosesa inabaki na mzigo wake. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki palepale na miiba ikabaki palepale, ni prosesa, na kadi yoyote utakayonunua itakuwa pambo.

Hili linanigusa mwenyewe. Zamani niliwahi kuweka kadi kubwa kwenye i5 ya viini vinne isiyo na nyuzi za ziada, yaani kila kiini kinashika kazi moja tu kwa wakati mmoja. Wastani ulipanda, nikafurahi siku moja. Siku ya pili nikagundua kukwama kumezidi kuliko mwanzo: kadi ilikuwa inamaliza kazi haraka na kudai fremu nyingine, prosesa ikapandishwa mpaka 100 kwenye viini vyote, na ilipotokea kazi ndogo ya pembeni, sauti au mtandao, hapakuwa na kiini cha kuishika.

Dawa ya kwanza ni ya bure: funga kikomo cha fremu, yaani gemu lisitoe fremu zaidi ya idadi uliyoipanga. RivaTuner inafanya hivyo vizuri. Skrini yako ikiwa ya hezi 60, weka 60. Prosesa inapata pumzi, miiba mingi inalala. Kisha punguza vitu vinavyoila prosesa: idadi ya watu mitaani, wingi wa magari, umbali wa kuona, na vivuli. Tekscha (picha zinazovishwa juu ya vitu) ziache, hizo si kazi ya prosesa.

Ikibidi kununua, angalia soketi (tundu la prosesa kwenye ubao) kwanza. Mwenye i5-6500 anaweza kuweka i7-6700, viini vinne vilevile lakini nyuzi nane, na kwa magemu ya miaka hii nyuzi hizo zinaonekana. Mwenye i5-4590 anaweza kuweka i7-4790. Usije ukanunua prosesa ya kizazi cha 8 kwa ubao wa kizazi cha 6 kwa sababu tu inaingia kwenye tundu. Itaingia, lakini haitawaka.

Wenye AMD wamebahatika. Ubao wa soketi ya AM4 ulionunuliwa na Ryzen ya kwanza ya 2017 mara nyingi unapokea Ryzen 5 5600 baada ya kusasisha BIOS, na hiyo ni mashine nyingine kabisa bila kubadilisha RAM wala ubao. Sasisha BIOS ukiwa na prosesa ya zamani bado imefungwa, na uwe na UPS. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, ubao unaweza usiamke tena.

Kadi iko 97 mpaka 99 muda wote

Hapo kweli ni kadi, na mstari wa muda wa fremu utakuwa juu lakini umenyooka. Hilo ni gemu polepole. Shusha vivuli na mwanga, shusha ukubwa wa picha, na kama bado haliridhishi, nunua kadi. Ila kuna mambo mawili kwenye mashine za ofisi, hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizojaa madukani Kariakoo na Nairobi.

La kwanza ni umeme. Nyingi za umbo jembamba zina pawa saplai ya wati 240 au chini, bila waya wa ziada wa kadi. Kadi inategemea umeme wa sloti pekee, usiozidi wati 75. Kwa hiyo unatafuta kadi fupi isiyo na tundu la umeme: GTX 1050 Ti, GTX 1650 zile zisizohitaji waya, RX 6400.

La pili ni njia za data. RX 6400 inatumia njia nne tu za PCIe, ile barabara inayounganisha kadi na ubao. Kwenye ubao mpya wa PCIe 4.0 hakuna shida kubwa. Kwenye mashine ya kizazi cha 6, ambayo ni PCIe 3.0, njia hizo nne zinapitisha GB 4 hivi kwa sekunde, na kumbukumbu ya kadi ikijaa, kila kinachovuka kinapita kwenye hicho kichochoro. Yaani unaweza kununua kadi ya kuondoa kukwamakwama ikakuletea kukwamakwama kwa namna yake. GTX 1650 ina njia 16, kwa mashine hizi naiamini zaidi.

Na kadi bandia zipo. Ni kadi za kizazi cha mwaka 2010 au 2011 zilizobadilishiwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Ukiona 1050 Ti yenye lile tundu la bluu la VGA, shtuka. Fungua GPU-Z kabla hujalipa, kadi ya aina hiyo mara nyingi itaandikiwa FAKE mbele ya jina lake.

Linaanza vizuri, linaharibika ukigeuza kamera au baada ya dakika kumi

Angalia kumbukumbu ya kadi. Kadi ya GB 2 au 4 ikijaa, tekscha zinazozidi zinawekwa kwenye RAM ya kawaida, na kila ukigeuka zinaletwa kupitia PCIe. Hapo ndipo mwiba unapotokea. Lakini ile namba ya Afterburner inaonyesha kilichokodiwa, na magemu mengine yanakodi vyumba yasimolala. Kwa hiyo usihukumu kwa namba pekee: shusha tekscha daraja moja, funga gemu, lifungue upya, pita njia yako. Miiba ikiisha, ni hiyo. Wengi wanaridhika na tekscha za kati maisha yanaendelea. Ukitaka za juu kwenye magemu mapya, kadi yenye GB 8 ndiyo pa kuanzia.

Dakika ishirini za kwanza safi, kisha kila kitu kinashuka

Joto. Mwendo wa prosesa unashuka kwa megahezi mia kadhaa huku nyuzijoto zake ziko 95 mpaka 100; kadi nayo inapunguza mwendo ikipata moto, mara nyingi hata kabla ya kufika huko.

Niliwahi kumfungia mteja i7, tukapima dakika tano, tukashikana mikono. Siku ya tatu karudi: "Fundi, bado." Nikacheza nusu saa nzima mbele yake na ikakwama kweli. Nilipotoa feni ya prosesa nikakuta vumbi limeshikana kwenye mapezi kama kipande cha godoro, na pesti ya chini yake imekauka imekuwa chokaa. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya, gemu likatulia. Nadhani na ile i5 yake ya zamani ingetulia. Sikumtoza kazi ile, na tangu siku hiyo sipimi chini ya dakika ishirini.

Kumbuka vipimo unavyoona kwenye video za Ulaya vinafanyika chumba cha nyuzi 22. Chumba kikiwa na 33, Dar au Mombasa mwezi wa pili, karibu zile nyuzi 11 zote zinapanda juu ya prosesa. Iliyokuwa 80 kule ni 91 huku. Unapopuliza vumbi, shika feni isizunguke. Laptopu usiiweke kitandani, inyanyue nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa.

Linakwama mara ya kwanza tu ya kila kitu

Mlipuko wa kwanza unakwama, wa pili hapana. Mlango wa kwanza, adui wa kwanza, kila uchawi mpya. Ukirudia palepale, safi. Hizi ni sheda: vijiprogramu vya kuchora ambavyo gemu linavitengeneza kwa ajili ya kadi yako, na mengine yanavitengeneza katikati ya mchezo badala ya mwanzoni. The Callisto Protocol ya mwaka 2022 ilitoka na ugonjwa huu hata kwenye mashine za bei mbaya. Hapa usinunue chochote. Subiri gemu limalize kutengeneza sheda kwenye menyu kama linatoa nafasi hiyo, na kwenye paneli ya NVIDIA ongeza nafasi ya kuhifadhi sheda. Ukisasisha draiva (programu inayoiongoza kadi), kazi inaanza upya, kwa hiyo usisasishe kila wiki kama gemu lako linakwenda.

Linatikisika kwa mdundo

Skrini ya hezi 60 na gemu la fremu 45: baadhi ya fremu zinaonyeshwa mara moja, nyingine mara mbili. Macho yanahisi mtikisiko ingawa hakuna mwiba mkubwa. Funga kikomo 60, au 30 kama 60 haifikiki. Skrini yenye FreeSync, inayofuata mwendo wa gemu yenyewe, inamaliza hili.

Watu wanaruka, wewe huruki

Kwenye mchezo wa mtandaoni, mpinzani anayeyuka na kutokea mbele, lakini ukizungusha kamera yako inazunguka laini na mstari wa fremu umenyooka. Huo ni mtandao. Fungua dirisha la amri, andika ping na anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1, kisha -t. Ukiona 1 au 2 kisha ghafla 200, tatizo liko chumbani mwako, ni Wi-Fi, vuta waya. Ikiwa imetulia, basi ni nje, au kuna mtu ndani ya nyumba anapakua filamu.

Yule dogo

Tulianza na RAM, kipande cha pili cha GB 8, cha mtumba, kinachofanana na cha kwanza. Tukapita njia ileile. Miiba ikapungua, ikabaki ile ya kuingia mtaa mpya. Ndipo tukaweka SSD ya SATA ya GB 480 na kuhamishia gemu huko. Tulibadilisha kimoja kimoja na kupima kila mara, kwa sababu ukibadilisha viwili pamoja hujui kipi kimeponya. Kadi ikapanda mpaka 90 na ushee, mstari ukanyooka, nikafunga kikomo cha 60. Hela yake ilibaki zaidi ya nusu.

"Sasa hii iliyobaki si niongezee i7?"

Nikamwambia aitunze. Mashine ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Angekuwa na i5-3470 nisingemwekea hata hiyo RAM, maana ni DDR3 isiyohamia kwenye mashine nyingine mpya, na prosesa za kizazi hicho hazina amri za AVX2 ambazo baadhi ya magemu mapya yanazidai ili yafunguke tu. SSD ya leo atahama nayo. Kadi yake pia atahama nayo. Akabeba begi lake, akaniuliza ubao wa AM4 unaanzia bei gani.